Ukiona Dirisha Linalia, Uliza Linalia Lini

Mwanangu, hongera kwa nyumba. Mama yako amenisomea ujumbe wako: madirisha yanavuja, moja halifungi, jingine lina ufa pembeni, na fundi aliyekuja kutazama ameshawaambia mng'oe yote muweke mapya. Msing'oe kitu kwanza. Nyumba iliyokaa Kigamboni bila mwenyewe, jirani na bahari, haiwezi kukosa manung'uniko, na manung'uniko ya nyumba nzima hupenda kutokea dirishani kwa sababu pale ndipo ukuta ulipotobolewa. Bati likivuja, maji hufuata ukuta yakatokea juu ya fremu. Msingi ukishuka, ufa huanzia kwenye kona ya dirisha. Chumvi ya bahari ikitaka chuma, huanza na nondo. Mkibadilisha madirisha na bati likabaki vilevile, mtakuwa mmenunua madirisha mapya ya kulowa.

Nimefanya useremala hapa Tanga mpaka magoti yakanikataza kupanda ngazi, na swali lililonifaa kuliko vifaa vyangu vyote ni moja: lini? Mtu akiniambia dirisha linavuja, namuuliza linavuja lini. Mvua ikinyesha wima, au mpaka iletwe na upepo? Wakati inanyesha, au saa mbili baada ya kukatika? Masika peke yake, au hata kiangazi? Fundi asiyeuliza lini huyo amekuja kuuza dirisha. Kwa hiyo kabla ya kumwita mwingine, chukua daftari la shule, andika kila chumba na dirisha lake linatazama wapi, kisha kila linapofanya ukorofi uandike saa na hali ya hewa. Mumeo atacheka. Mwache acheke, lakini kalamu usiiweke chini.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayokula pesa.

Pwani yetu upepo una ratiba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, Desemba mpaka Machi. Kusi hutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hivi, na huanza masika yakiwa bado yanaendelea, kwa kuwa masika yetu ni Machi hadi Mei. Mvua iliyobebwa na kusi hupiga kuta za kusini na mashariki, na kuta za magharibi zikabaki kavu. Sasa fungua daftari lako. Dirisha likivuja pale tu mvua inapopigwa na upepo upande wake, kosa liko kwenye dirisha lenyewe au kwenye maungio ya fremu na ukuta. Likivuja hata kwa mvua tulivu isiyo na upepo, inua macho: bati, misumari ya bati, mfereji wa paa uliojaa majani, au simtanki lililowekwa juu likawa linamwagika. Likianza kuvuja mvua ikishakatika, maji hayo yamesafiri. Yameingia mbali, yakatembea juu ya linta, yakashuka pale yalipopata upenyo. Na ukuta wa chini ya dirisha ukiwa na unyevu hata katikati ya kiangazi, achana na dirisha kabisa. Tafuta bomba lililopita ndani ya ukuta, au unyevu unaopanda kutoka ardhini. Huo wa ardhini utaujua: huanzia sakafuni, kwa kawaida hauvuki kimo cha kiuno, na huacha ukuta ukitoa chumvi nyeupe na rangi ikibanduka.

Tuseme umeona kosa ni la dirisha. Madirisha yenu mengi ni ya aluminiamu ya slaidi, kwa hiyo anza na reli ya chini. Reli ile ni kama sinia: mvua ikipiga kioo, maji hushuka na kukusanyika humo, na dirisha lililotengenezwa vizuri limetobolewa matundu madogo upande wa nje ili maji yatoke. Kuna maji yanayoingia relini kila mvua ya upepo, na hilo si kosa. Kosa ni maji kukosa pa kutokea. Matundu huziba kwa mchanga, wadudu waliokufa na vumbi la plasta lililobaki tangu ujenzi. Mengine hayakutobolewa kabisa. Mengine, na hili linanikera, yalikuwepo tangu mwanzo, kisha fundi wa pili akayaona, akadhani ni uvujaji, akayajaza silikoni.

Kuyapima ni rahisi. Siku ya jua, mimina kikombe cha maji ndani ya reli kisha toka nje utazame. Maji yakichuruzika ukutani kwa nje, matundu yanafanya kazi. Yakituama, au yakaanza kugeukia sebuleni, umeshampata mwizi wako. Mswaki wa zamani, waya mwembamba na maji ya kusuuza vinamaliza kazi ambayo ungeweza kutozwa bei ya dirisha zima. Na ukiwa hapo, kagua raba inayoshika kioo na manyoya yale ya brashi yanayoziba nafasi kati ya vioo viwili vinavyopishana. Raba iliyokaa juani miaka mingi hukauka, ikafupika, ikaacha pengo kwenye kona. Inauzwa kwa mita na kubadilishwa bila kuvunja kitu.

Matundu yakiwa mazima na bado unaona maji, nenda kwenye kizingiti cha chini kwa nje. Weka pima maji juu yake. Kizingiti kiinamie nje. Kikiwa sawasawa maji yatalala hapo, na kikiinamia ndani nyumba inajinywesha yenyewe. Kisha pitisha kidole chini ya ukingo wake: wajenzi wazuri huacha mfereji mwembamba upande wa chini, ili tone likifika lishindwe kurudi ukutani, lidondoke. Nyumba nyingi za siku hizi hazina mfereji huo, na ndiyo sababu chini ya kila dirisha unaona michirizi myeusi iliyoshuka mpaka karibu na msingi.

Ukitaka uhakika, tumieni mpira wa bustani. Mumeo awe nje na mpira, wewe uwe ndani na tochi na karatasi kavu ya kugusisha kwenye maungio. Aanze chini, kwenye kizingiti, akae hapo dakika tano. Apande pembeni, upande mmoja kwanza. Amalizie juu. Akianza juu, maji yatashuka kila mahali na hamtajua yalipoingilia. Na msitumie nguvu ya kuoshea gari, kwa sababu dirisha halikutengenezwa kupambana na kitu kile na mtalaumu lisilo na kosa.

Nimetaja silikoni. Si adui yangu. Ikiwekwa kwa nje, juu ya mahali pakavu palipofutwa vumbi, kati ya fremu na ukuta, inafaa sana. Lakini imekuwa dawa ya kila homa. Ikipakwa ndani ya nyumba, huzuia maji yasionekane tu, huku yenyewe yakiendelea kuingia ukutani, na miezi michache baadaye plasta inaanza kuvimba pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna anayeshuku dirisha. Ikipakwa juu ya silikoni ya zamani haishiki. Ikipakwa ukutani kwenye vumbi, inabanduka nzima nzima. Fundi atakayeingia na bomba la silikoni mkononi kabla hajauliza maji yanatokea wapi, mpe chai, mshukuru, aende zake.

Sasa lile dirisha la jikoni lisilofunga. Mama yako anasema ni la mbao, nami nimefurahi kusikia bado kuna mtu aliyeweka mbao. Hapo pia nakuuliza: halifungi lini? Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, na hukauka ikasinyaa. Likikaza masika na kulegea Januari, hilo ni dirisha zima linalofuata majira. Usimruhusu mtu kulipiga randa mvua zikiwa zinanyesha, kwa sababu kiangazi kikija mtaona nuru pembeni, na baada ya nuru mtawaona mbu. Ngoja likauke, kisha lipake rangi au vanishi kingo zote, hata ukingo wa juu na wa chini usioonekana. Mafundi wengi hupaka panapoonekana na mwenye nyumba tu, na ubao ukaendelea kunywa maji kwa chini.

Likikaza mwaka mzima, tazama umbo la pengo kati ya shata na fremu. Pengo lililo sawa kutoka juu hadi chini halina tatizo kubwa. Pengo jembamba huku na pana kule lina maana mojawapo kati ya mbili. Inua shata kwa mkono: likipanda, bawaba zimelegea. Chomoa skrubu, jaza matundu kwa vijiti vilivyopakwa gundi ya mbao, rudisha skrubu ndefu kidogo, na umemaliza. Likikataa kupanda, chukua futi ya utepe upime fremu kutoka kona hadi kona, kisha kona nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili vikipishana, fremu imepinda, na fremu haipindi bila ukuta kuisukuma. Ukigundua mlango wa chumba hichohicho nao umeanza kugoma, ondoa mawazo kwenye useremala na uende kwenye nyufa, ambazo nitazifikia.

Kuoza kunaanzia chini ya fremu, kwenye viungo, pale maji yanapolala. Rangi hudanganya: inaweza kuwa inang'aa na ndani pakawa unga. Chukua ncha ya bisibisi, bonyeza polepole kando ya viungo. Mbao nzima hukataa, iliyooza hukupokea. Ukiona njia ya udongo ukutani inayopanda kuelekea kwenye fremu, huyo ni mchwa wa ardhini. Ivunje kipande kidogo, urudi baada ya siku chache. Wakiijenga upya wapo kazini, na dawa ya kupaka kwenye fremu pekee haitawatosha kwa kuwa kikosi kiko chini ya ardhi. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga laini chini yake, hao ni fukusi. Futa unga, uangalie kesho kutwa na wiki ijayo. Unga mpya una maana bado wanakula. Vitundu visivyotoa unga vinaweza kuwa vya zamani, walishaondoka, na mtu asikuuzie sumu ya wadudu waliohama.

Ikibidi kubadilisha, usikubali kuambiwa "mbao ngumu" ukanyamaza. Uliza jina. Mninga, mvule na mkongo huvumilia mchwa na maji kwa asili yake. Paini ya Mufindi ni mbao nzuri ya kenchi ikishatiwa dawa, lakini ukiiweka dirishani pwani bila dawa umewapikia mchwa wali.

Chuma nacho kina lugha yake. Kutu ikianza huwa kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo nondo iliyozikwa ukutani inapooza huvimba na kupasua plasta, na utaona kipande cha ukuta kimeruka pale nondo inapoingia. Watu hupiga plasta upya juu yake. Baada ya masika mawili kinaruka tena. Tiba ni kuchimba mpaka ufikie chuma kisafi, kukisugua kwa brashi ya waya na msasa, kukipaka rangi ya msingi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla hewa ya bahari haijakigusa, ndipo kuziba na kupaka rangi ya mwisho. Rangi juu ya kutu ni shuka juu ya godoro lililolowa.

Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu, na hapo ndipo wauzaji wanapoapa kwamba hailiwi na chumvi. Inaliwa. Utaona madoa meupe ya unga na vishimo vidogo. Ubaya zaidi uko kwenye skrubu: fundi akifunga aluminiamu kwa skrubu za chuma cha kawaida karibu na bahari, metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi hulana, na utakuta michirizi ya kahawia imetoka kwenye kichwa cha skrubu. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu, hata kama itabidi uzinunue mwenyewe. Saruji mbichi nayo huchoma aluminiamu na kuacha mabaka yasiyotoka, kwa hiyo mkipiga plasta karibu na dirisha lililokwisha wekwa, lifunikeni. Na kila baada ya muda lioshwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida. Steelwool ibaki jikoni kwenye sufuria.

Slaidi ikiwa nzito, watu husukuma kwa nguvu mpaka kitasa kinakatika. Hiyo mara nyingi ni mchanga relini au vigurudumu vya chini vilivyokwisha. Kioo huinuliwa, hutolewa relini kwa upande wa ndani, vigurudumu hubadilishwa. Kazi ya nusu saa.

Nyufa, sasa. Kona ya dirisha ndipo ukuta unapolemewa zaidi, kwa hiyo ufa wa mshazari unaotoka pale hauhitaji kukuondolea usingizi siku ya kwanza. Ufa mwembamba wa nywele ulio kwenye plasta tu ni wa plasta kukauka. Nataka ujue kama unatembea. Chora mstari wa penseli mwisho wa ufa kila upande, andika tarehe palepale ukutani, na pima upana wake mahali pamoja. Rudi masika, rudi kiangazi. Ufa uliokaa tuli mwaka mzima unazibwa na kusahauliwa. Ufa unaopanuka, au unaoshuka kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au unaoonekana nje na ndani mahali palepale, huo ni wa msingi au wa linta, na ukifika milimita 5 mwite mhandisi wala usiniite mimi. Linta ikiwa fupi, ikalala juu ya tofali kwa inchi chache tu kila upande, mzigo wa juu hupasua kona. Na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ukiipandisha na kuishusha nyumba kila mwaka. Kule Embakasi, Nairobi, na kule Athi River wanaujua vizuri. Kwenu mchanga ni mwingi, huenda mmeepuka hilo, lakini maji ya bati yanayomwagika pembeni ya msingi huhamisha mchanga pia.

Kioo kikipasuka chenyewe, fuata ufa mpaka unapoanzia. Ukianzia ukingoni, fremu inakibana au kuna msumari unakigusa, na kipya kitapasuka vilevile msipoondoa kinachobana. Ukianzia katikati kwa nyota, ulizeni watoto wa jirani.

Kaka yako aliyeko Ujerumani alinipigia akilalamika kwamba dirisha lake lina ukungu usiofutika ndani wala nje. Kule madirisha yana vioo viwili vilivyofungwa pamoja na hewa kavu katikati. Ukungu ukiwa kati ya vioo, muhuri umekufa na kioo chote hubadilishwa, fremu ikabaki. Ukungu wa upande wa ndani ni jambo jingine, na shangazi yako wa Makete anao kila asubuhi ya Juni: pumzi za watu waliolala na mvuke wa sufuria vikikutana na kioo baridi. Hapo hakuna kinachovuja. Wafungue dirisha kidogo.

Hilo linanileta kwenye tatizo ambalo hakuna anayelihesabu kuwa tatizo la dirisha: joto. Dirisha la slaidi la vioo viwili vinavyopishana hufunguka nusu tu. Tundu ulilolipia ni la mita moja na nusu, upepo unapita kwenye robo tatu ya mita. Yale mashata ya zamani ya mbao yalifunguka yote, na hata vile vioo vya luva tulivyoviacha kwa sababu ya wezi na mvua viliingiza upepo karibu wote. Tumebadilisha kwa ajili ya urembo kisha tukanunua feni. Siwaambii mrudishe luva. Nawaambia mjue chumba kina joto kwa sababu gani kabla hamjanunua kiyoyozi. Chumba kikichemka kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku, dirisha lake linatazama magharibi. Jua la jioni huwa chini na mapaa hayalizuii. Pazia la ndani linalikamata joto likiwa limeshaingia. Kivuli kiwe nje, iwe turubai, iwe mwarobaini. Chumba kikiwa na joto siku nzima, upepo unaingia na haupati pa kutokea: fungua mlango wa upande wa pili, usikie tofauti.

Na jiko la mkaa halilali ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, hata mvua inyeshe vipi, hata mkaa uonekane umeiva na hautoi moshi. Kaboni monoksidi haina harufu. Hutajua unapozidiwa.

Nyavu za mbu zitazameni mchana kutoka ndani, taa zikiwa zimezimwa. Kila tundu litaonyesha nukta ya mwanga. Slaidi ina ujanja wake: sukuma kioo mpaka mwisho, kwa kuwa ukikiacha katikati hubaki nafasi kati ya kioo na wavu, na mbu hahitaji zaidi. Mbu wa malaria huuma usiku, chandarua kinasaidia. Lakini Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2019, na mbu wa dengi huuma mchana, mtoto akiwa anacheza sebuleni, kwa hiyo chandarua hakichukui nafasi ya wavu wa dirishani. Pwani chukueni wavu usio wa chuma.

Nyumba ya bibi yenu Pangani ni sura nyingine, na kwa kuwa mmojawenu ataiangalia siku moja nalisema hapa. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua. Kila anayekuja kuzibia pembeni ya madirisha kwa saruji anafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na kinachooza kwanza ni fremu, fremu zilizodumu tangu kabla mimi sijazaliwa. Pale pazibwe kwa chokaa tu. Anayesema chokaa ni ya kizamani ashike mwiko wake, arudi nao kwao.

Nimeacha nondo mwisho kwa sababu hapa sitaki ubishi. Mumeo ameniambia kwa fahari kwamba nyumba ina nondo kila dirisha, mpaka chooni, zimechomelewa moja kwa moja ukutani. Mwizi haingii. Na ninyi moto ukiwa sebuleni mtatokea wapi? Dirisha la chumba cha kulala ni mlango wa pili wa nyumba, na ninyi mmeufunga kwa chuma kisichofunguka. Haya ndiyo makosa ya dirisha yanayoua, wala hayavuji wala hayapigi kelele. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na kufuli la upande wa ndani. Mchomeleaji yeyote wa mtaani anaweza kukata fremu ya nondo na kuitia bawaba. Si lazima mnunue mpya. Hakikisheni shata linafunguka nje ya njia ya nondo, kwa kuwa nimeona nondo zinazofunguka vizuri kabisa mpaka zigonge kitasa cha dirisha. Hakikisheni pia tundu linapitisha mtu mzima mwenye mabega kama ya baba yako. Ufunguo uning'inizwe ndani, karibu na dirisha, mbali kiasi cha mkono ulioingizwa kutoka nje kushindwa kuufikia, na mahali pamoja kila siku. Mtoto mkubwa afundishwe kulifungua gizani, achezeshwe hivyo mpaka achoke. Kama mnalala ghorofani hesabu inabadilika: kitanda na kochi visikae chini ya dirisha lisilo na nondo, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hupanda kila kinachopandika.

Kama pesa ni ya kuhesabu, na najua ni ya kuhesabu, anzeni na kufungua nondo za vyumba viwili mwezi huu. Kisha matundu ya reli na mfereji wa paa, ambavyo ni kazi yenu wenyewe siku ya Jumapili. Kizingiti kinachoinamia ndani kirekebishwe kabla ya vuli ya Oktoba. Mbao ya jikoni isubiri kiangazi. Madirisha mapya yasubiri zaidi ya hapo, na huenda msiyahitaji.

Nyufa mtanitumia picha kwa simu ya mama yako. Weka sarafu kando ya ufa nijue upana wake, andika tarehe, na unieleze mvua ilinyesha lini mara ya mwisho.